Moto Usiutoe

7 Februari

Babu, shikamoo.

Mke Mwenza amefika. Lori lilimshusha mbele ya karakana akiwa amezungushiwa mablanketi ya shangazi na kamba nyingi, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali asiyetaka kwenda. Wenzangu wote waliacha kazi kuja kumtazama. Hatukuweza kumbeba, ikabidi tumviringishe juu ya vipande vya mabomba mpaka ndani. Fundi mkuu wetu alimzunguka, akagonga tumbo lake kwa kidole, akauliza, "Hiki ni kitu cha watoto kuchezea?" Nikamwambia ni injini ya treni ya mvuke ya kweli, ndogo tu kwa umbo, na kwamba imewahi kuvuta ukoo mzima juu ya reli kuzunguka nyumba ya babu yangu, babu mwenyewe akiwa amekaa nyuma yake na beleshi mkononi. Akasema, "Basi huyo babu yako ana kichaa kizuri."

Nimemweka karibu na dirisha. Wenzangu walipoondoka nilikaa mbele yake na sikumgusa. Nimegundua kwamba sijawahi kumwona kwa karibu akiwa baridi. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukiniambia, "Usimshike, atakuunguza," na nadhani mkono wangu bado unakutii.

Shangazi ameniandikia kwamba daktari amekukataza moshi, na kwamba Mke Mwenza ama ageuzwe atumie betri ama akae chini ya turubai mpaka kutu imle. Kugeuza ndiyo kazi yetu hapa. Tunatoa injini za petroli kwenye pikipiki na vitoroli, tunaweka mota. Ninaijua kazi hiyo na ninaipenda. Lakini kila bolti ya huyu uliikaza wewe, miaka yote ile baada ya kustaafu depoti ya reli, na sioni ni haki niifungue kwa sababu shangazi kasema. Sitashika spana mpaka uniambie wewe.

Nimekupigia simu, hupokei. Shangazi anasema mtandao wa huko unasumbua. Basi nijibu kwa karatasi, ndiyo au hapana, na kama ni ndiyo, ni ndiyo ya namna gani.

Mjukuu wako


15 Februari

Mjukuu wangu Injinia,

Marahaba. Simu naisikia ikilia. Mtandao msiusingizie, hauna kosa. Mimi napenda barua kwa sababu kwenye barua mtu anaweza kuifikisha sentensi yake mwisho.

Umefanya vizuri kuuliza. Shangazi yako hakuuliza. Mimi nimelala mchana, nasikia lori linanguruma, natoka na fulana, nakuta banda wazi na mwenyewe hayupo. Namuuliza, "Yuko wapi?" Ananijibu, "Kaenda kwa mjukuu wako, anakusalimia." Huyo ndiye binti niliyemzaa.

Marehemu bibi yako angecheka mpaka akae chini. Yeye ndiye aliyempa jina. Kila nikienda bandani alikuwa akisema, "Nenda, nenda kwa mke mwenzangu, usimcheleweshe." Alisema mwenzake ana nafuu, akikasirika anatoa moshi mtu akaona, lakini yeye akikasirika mimi hata sijui.

Basi, weka betri. Betri si tusi. Mkono wa mvuke uache palepale ulipo, niuvute kama nilivyozoea; usiniwekee vitufe, mimi si karani wa benki. Tena nasikia kuna watu huweka spika iigize mlio wa mvuke. Usimtie kasuku tumboni. Akinyamaza, anyamaze kama mtu mzima.

Sharti kubwa ni hili moja: moto usiutoe. Mengine yote nakuachia wewe mwenye shule.

Babu yako


22 Februari

Babu, shikamoo.

Barua yako imenichekesha mpaka fundi mkuu akauliza kama nimepata mchumba. Umejifunza wapi lugha yetu? "Moto usiutoe!" Hapa karakana hatusemi chaji, tunasema moto. Betri ina moto, betri haina moto, nani ameacha swichi wazi moto ukaisha. Na jambo la kwanza tunalomwambia kila mteja ndilo hilo lako: betri ikiisha moto ikaachwa hivyo, imekufa, haifufuki. Nilikuwa nimejiandaa kukufundisha, kumbe umenitangulia.

Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Moto hautatoka. Nitamwekea wa kutosha kuzunguka tangu asubuhi mpaka mtakapochoka nyinyi.

Kinachoniumiza kichwa ni uzito. Nilitaka betri zikae kwenye behewa la makaa, chini yako, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Lakini yeye hushika reli kwa uzito wake mwenyewe. Uzito ukihamia nyuma, pale kwenye mwinuko wa nyuma ya jikoni magurudumu yatateleza, abaki anasaga reli bila kwenda popote. Betri lazima zikae tumboni mwake, juu ya magurudumu. Kwa hiyo ndani nitatoa baadhi ya vitu ambavyo havitakuwa na kazi tena. Nitatunza kila kipande.

Mkono wa mvuke uko palepale. Ukiuvuta kidogo anakwenda kidogo, ukiuvuta sana anakwenda sana. Kasuku nilikuwa nimeshamchagua, nakiri, nimemrudisha kabatini.

Kifua chako je? Shangazi ananiandikia "hajambo", kila barua neno hilohilo, mpaka limeanza kunitisha.

Mjukuu wako


6 Machi

Injinia,

Marahaba. Kifua hakijambo, na hilo si neno la shangazi yako, ni langu. Daktari alimweleza yeye nikiwa navaa shati: nikae mbali na moshi mpaka kipoe. Basi kinapoa. Hizo betri zako mimi naziona kama mkongojo. Mtu akivunjika mguu hupewa mkongojo, lakini hakatwi mguu.

Niliposoma kwamba moto hautatoka, nililala usingizi wa zamani. Nilikuwa na hofu, nikuambie ukweli. Vijana mnapenda nafasi. Mkiona tumbo la injini mnaona chumba cha kupangisha. Kwetu depoti, moto ulikuwa ni sanduku lake la kuchomea makaa na boila lake la mvuke, uwe unawaka au uwe baridi kama chungu. "Fundi yuko ndani ya moto," tulisema, na fundi yumo kweli, anagonga, na wala haungui. Injini yenye moto wake, hata ikilala mwaka, ni injini. Isiyo nao ni debe.

Nimelifagia banda. Nimepata makaa ya mawe mazuri, yale yanayong'aa ukiyavunja, nimeyafunika gunia. Kifua kikipoa tutazitoa betri zako kwa siku moja, usinune, tutamwasha, na wewe ndiye utakayekalia kiti changu. Nataka nikufundishe magoti. Ukipanda ule mwinuko wa jikoni, habari haiji masikioni wala machoni, inakuja magotini. Joto la moto linakupiga hapo kabla injini haijaanza kuchoka, ndipo unajua uvute au ulegeze. Dereva hodari depoti tulimwita mwenye magoti. "Yule ana magoti," maneno hayo yalitosha, mtu hatafuti sifa nyingine. Baba yako nilimkalisha pale mara nyingi. Mtoto mzuri, lakini magoti hana. Wewe nadhani unayo, ndiyo maana naharakisha kupona.

Babu yako


12 Machi

Babu,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Kila mara naanza na salamu na salamu inarefuka. Leo naanza na jambo lenyewe.

Boila limetoka. Nililitoa siku zilezile nilipokuandikia kuhusu uzito. Lilikuwa limekazana na fremu, halikukubali kutoka zima, nikalikata kwa msumeno. Nusu ya mbele iko chini ya meza yangu. Nusu ya nyuma, yenye sanduku la moto, iko juu ya meza, na mlango wake mdogo unanitazama ninapoandika.

Moto wako na wangu haukuwa mmoja. Wewe ulisema neno la depoti, mimi nikasikia la karakana yetu, nikakuahidi kitu ambacho hukukiomba. Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo kosa linakuwa la neno na mimi nabaki safi. Lakini niliandika "baadhi ya vitu". Nilijua ni boila. Niliizungukia sentensi ile kama mtu anayepita nyuma ya nyumba asionekane, kwa sababu nilihofu ukiliona neno lenyewe utasita, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu na zilikuwa nzuri. Ningeandika boila, ungenijibu siku hiyohiyo, na msumeno ungebaki ukutani.

Naweza kuviunganisha vipande vionekane kama kitu kizima. Havitabeba mvuke tena, wewe unajua hilo kuliko mimi. Sitakurudishia kitu cha kudanganya macho.

Unaweza kuuliza kwa nini niliona halina kazi tena. Hilo si langu kulisema. Muulize shangazi daktari alisema nini. Muulize neno kwa neno.

Sijui nitie sahihi gani hapa.

Mjukuu wako, kama bado


20 Machi

Wewe mtoto,

Ahsante sana. Umewasha huko, nimeungua mimi huku.

Baba yangu, babu yako, alikuja jikoni na barua yako mkononi, akazima redio yangu, akasema, "Neno kwa neno." Nilikuwa nakata vitunguu, kwa hiyo machozi yalikuwa na pa kujificha. Nikamwambia. Amekatazwa moshi wowote, maisha yake yote, hata wa jiko la jirani. Akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikasema tangu siku ile. Akauliza, "Na mjukuu wangu?" Nikashika kitunguu kingine. Akasema, "Kwa hiyo nyumba nzima inakijua kifua changu isipokuwa mwenye kifua." Akaniwashia redio yangu, akatoka.

Usidhani nilimdanganya kwa kupenda. Mtu akiniuliza, "Kitapoa?" na macho yale, wewe ungesema nini? Wewe unapata mwandiko wake mzuri na utani wake. Mimi napata ukuta wa chumba chake. Unadhani hapokei simu kwa nini? Kwa sababu hafiki nusu ya sentensi bila kukohoa, na hataki usikie. Barua haikohoi. Sasa unajua na wewe, tugawane.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Anafungua reli. Ameanzia upande wa jikoni. Anafungua bolti, anakaa juu ya ndoo apumue, anafungua nyingine, anaitupa kwenye kopo. Ile sauti ya bolti kwenye kopo nimeanza kuiota. Nikimwambia apumzike ananijibu kwamba reli isiyo na injini ni takataka uwanjani. Amemwita mtu wa vyuma chakavu aje kuchukua reli, mataruma na hilo "debe la Injinia" likirudi.

Nimekaa na baba yangu muda mrefu, nimemwona na hasira na msiba. Huku hajafika kamwe. Fanya kitu kabla hajafungua reli zote mpaka bandani. Wewe si ndiye mwenye shule?

Shangazi yako, ambaye anakupenda lakini si leo


29 Machi

Babu, shikamoo.

Siandiki kukuomba uache kufungua reli. Reli ni zako. Naandika kukuuliza swali la kazi, kwa sababu hapa hakuna wa kulijibu na popote pengine sijui pa kulipeleka.

Kati ya betri na mota kuna kisanduku kinachogawa umeme. Tunakiita kontrola. Mkono wako wa mvuke sasa unazungumza nacho, nacho kinaiambia mota. Kazi ikiwa nzito kinapata joto, na kikipata joto sana kinakufa, kwa hiyo sisi huwekea feni, joto litupwe nje upesi, dereva asijue hata kama lilikuwepo. Nami nilikuwa nimemwekea Mke Mwenza feni chini ya tumbo.

Jana nilimwinua magurudumu yake yazunguke hewani, nikayabana kwa kipande cha mpira ili avute kama anapanda. Feni ilikuwa bado haijaungwa, nikaweka kiganja juu ya kontrola kukichunga kisipate joto mno. Akivuta kirahisi, vuguvugu. Nikimbana, joto linapanda. Lakini linapanda kabla, babu. Kabla mota haijapunguza mwendo. Nilirudia na kurudia mpaka fundi mkuu akaniuliza nataka kuchemsha nini. Kisha nikakaa sakafuni nikasoma tena barua yako, pale penye magoti.

Nimekata ukuta wa nyuma wa sanduku lako la moto, ule wenye mlango. Una alama za nyundo yako pembeni, sikuzifuta. Nimeufunga mahali pake pa zamani, mbele ya miguu ya dereva, na kontrola imeshikana nao kwa nyuma. Ukuta wenyewe ni wa shaba, na shaba inabeba joto kuliko chochote nilicho nacho, na hiyo inatosha kukilinda kisanduku. Feni nimeitoa. Mlango unafunguka kama zamani. Ndani hakuna cha kuona, na sikuweka taa nyekundu.

Swali langu ni hili: ni joto linalosema kitu, au ni joto tu? Mimi nimekaa, nimehisi jambo, lakini sina magoti ya kulinganishia. Huenda nimehisi kwa sababu nataka sana kuhisi. Ukisema ni joto tu, mtu wa vyuma chakavu achukue, nami sitaandika barua ndefu.

Kuhusu kifua chako nilijua, na nilikuuliza kama nisiyejua. Hilo halihusiani na swali la kazi. Nimeliandika kwa kuwa ni kweli.

Lori linaondoka kesho. Ana moto wa kutosha, wa aina yangu.

Mjukuu wako


18 Aprili

Mjukuu,

Marahaba. Alifika salama. Nilimwacha chini ya turubai, sikumfungua. Nilikuwa na hasira, na nimegundua hasira yangu ni kama ya bibi yako, haitoi moshi. Shangazi yako akanuna upande wake, mimi upande wangu, tukawa tunapitishiana chumvi kama wasafiri wasiojuana.

Lakini swali la kazi likikaa kifuani halipoi, na mimi sasa nina kifua cha kuhesabu mizigo. Nikatoka na kopo la bolti. Shangazi yako akaona, akaja bila kuitwa. Yeye alishika reli, mimi nikakaza, na kila bolti ilikuja na lawama yake. Mtu wa vyuma chakavu alitukuta tunamalizia upande wa jikoni. Akasema, "Mzee, si uliniita?" Nikamwambia aliyemwita ni mimi wa mwezi uliopita.

Mzunguko wa kwanza nilikwenda peke yangu, sikuhisi kitu. Alikwenda kimya kama kitu cha wizi. Nilisema moyoni, debe. Mzunguko wa pili nikampandisha shangazi yako kwenye behewa la nyuma. Shangazi yako tusimseme, lakini ule mwinuko ulimtambua. Tulipofika nyuma ya jikoni, mkono nikiwa nimeuacha palepale, goti la kushoto likaambiwa.

Ni kidogo sana. Moto wangu ulikuwa unapiga, huu wako unanong'ona, lazima mtu anyamaze ndipo ausikie. Shangazi yako alikuwa anaongea, nikamwambia nyamaza, akanyamaza, jambo la kuandikwa hilo. Likaja tena. Nikalegeza kidogo, nikampa nafasi, nikavuta. Akapanda. Nilizunguka mpaka nikapoteza hesabu, si kwa furaha, nilikuwa nahakikisha.

Jibu lako: ni joto linalosema kitu.

Ila umeweka kontrola kushoto mno. Goti la kulia halina habari, limekaa kama mgeni. Hicho kisanduku kinapaswa kuwa katikati ya mlango. Njoo ukisogeze mwenyewe, halafu nikukalishe pale tuone kama nilikuwa sahihi juu yako. Uje na spana, maneno uyaache huko.

Boila sijalisamehe. Ile nusu ya mbele, na kile kilichobaki cha nyuma, uniletee, nitavitafutia mahali. Makaa nimempa mhunzi wa mtaa wa pili. Alivunja moja, akalitazama, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia achukue haraka.

Nimeiacha barua hii mara kadhaa ili nikohoe. Kwenye karatasi huwezi kuona ni wapi, ndiyo maana nimeamua kukuambia. Jumapili piga simu, nitapokea. Nikianza kukohoa usikate. Ngoja, sentensi yangu itafika.

Babu yako